Kumficha Mpishi Bastola

Siku niliyoambiwa nichague bastola nilicheka mpaka mwalimu akaniuliza kama nina homa.

Sikuwa na homa. Nilikuwa na miaka saba Doha, na sita kati ya hiyo nilikuwa nimeimaliza mlangoni pa chumba cha kuswalia wanawake katika jengo moja la maduka, silaha yangu ikiwa redio ya mkononi iliyofungwa kwa raba na sentensi moja: "Samahani mama, viatu hapa." Kabla ya hapo, nyumbani, nilikuwa askari wa wanyamapori upande wa Voi, nikitembea na bunduki ndefu ambayo watu waliiona kabla hawajaniona mimi. Sasa bastola tano zilikuwa zimelazwa mbele yangu juu ya taulo jeupe, na mwanamke wa Kijordani ananiambia nichague moja ambayo hakuna binadamu atakayejua ninayo. Nawauliza, nisingecheka?

Nieleze mapema, maana nawajua watu wetu, wataanza kusema Doha kuna wanawake wanatembea na bastola. Doha si mji wa namna hiyo. Mtu wa kawaida hapa hata kisu cha jikoni hukibeba kwenye boksi lake na risiti mkononi. Ila kuna nyumba chache kubwa zenye kibali cha serikali cha kuweka walinzi wenye silaha, na katika nyumba hizo kuna akina mama ambao huingia mahali mlinzi mwanamume hawezi kutia mguu: harusi za wanawake, saluni, vyumba vya kujaribia nguo. Huko anatakiwa mlinzi mwanamke, avae abaya kama wageni wengine, asimame karibu kama jamaa, na awe na bastola isiyojulikana kama ipo. Kila bastola ina namba yake. Hutoka kwenye sefu kwa sahihi na kurudi kwa sahihi, siku hiyo hiyo.

Nyumba moja ya namna hiyo ilikuwa inatafuta mwanamke mmoja. Tulianza tisa. Wiki ya taulo jeupe tulikuwa tumebaki wawili: mimi, na Mganda mmoja mrefu, mwembamba, mwenye shabaha ya kutisha na kiburi cha kuendana nayo.

Niseme na kilichonifanya niitake kazi ile mpaka nikawa naota nayo. Ilikuja na chumba. Chumba cha peke yangu, nyuma ya nyumba kubwa, chenye mlango na ufunguo, na wenye nyumba walikuwa na desturi ya kuwaombea wafanyakazi wao viza za watoto kuja kuwatembelea likizoni. Nilipokuwa nalala wakati huo, Fereej Bin Mahmoud, tulikuwa wanawake sita kwenye vitanda vya ghorofa, na kanuni ya kampuni haikuruhusu mtoto hata kukanyaga ngazi. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilimwacha na dada yangu akiwa na minne, na tangu hapo nilikuwa nimemwona likizo mbili tu, mwezi mmoja mmoja. Ile ya pili alinikwepa siku tatu za mwanzo kama vile nimekuja kumchoma chanjo. Nikiipata kazi, angekuja Agosti. Nikiikosa, ningerudi kwenye mlango wangu wa viatu na kusaini miaka mingine miwili kabla ya likizo nyingine. Hayo ndiyo yalikuwa juu ya taulo, pamoja na zile bastola.

Mwalimu wetu tulimwita Ustadha. Alikuwa askari polisi mstaafu wa kwao, mfupi, mnene, miwani imening'inia kwa kamba shingoni, na alipenda kusema neno moja kwa Kiarabu kisha kulirudia kwa Kiingereza kama vile sisi ni viziwi katika lugha mbili. Sheria yake ilikuwa moja. "Bastola usiyoweza kuificha utaiacha nyumbani," alisema, "na bastola usiyoweza kupiga nayo shabaha, heri ungeiacha."

Zilikuwa zimepangwa kwa ukubwa. Ya kwanza ilikuwa kubwa, ya kazi, kama wanazofunga askari kiunoni. Ya pili ilikuwa ndugu yake aliyekatwa miguu. Ya tatu ilikuwa bapa, nyeusi, haina sura wala haiba. Ya nne ilikuwa ya silinda, ya risasi tano. Ya tano ilikuwa kidude tu. Ukiifumbata, mkono unabaki kama umeshika yai.

Mimi nikaenda moja kwa moja kwenye ile kubwa. Mikono yangu ni ya kulimia mihogo, na ile bastola ilinikaa kiganjani kama niliyozaliwa nayo. Uwanjani nilifyatua kumi, na matundu yote kumi ungeweza kuyafunika kwa kikombe cha karaki, ile chai yao ya maziwa. Nikaruka. Kweli niliruka, mtu mzima, miguu yote miwili. Ustadha akaandika kitu kwenye karatasi yake, kisha akanipeleka mbele ya kioo na abaya.

Nilionekana kama mwizi wa viti. Nikisimama wima, nyonga ya kulia ilikuwa na kona. Nikiinama, mpini ulijitokeza kwenye kitambaa kama kiwiko cha mtoto tumboni. Nikijaribu kukaa, ilinipiga mbavu nikasema "uwi!" kwa sauti ambayo mgeni yeyote wa harusi angegeuka.

"Mtoto anazaliwa lini?" Ustadha akauliza.

Yule Mganda yeye alikuwa ameshajichagulia kile kidude cha mwisho, amekishika kwa vidole viwili, anakitazama kwa mahaba. "Haka ndiko kangu," alisema. "Kadogo, kazuri, hakana makelele."

Nami nikajaribu hicho hicho. Kidole changu kidogo hakikupata pa kushika kikabaki hewani kama cha bibi arusi anayekunywa chai. Risasi ya kwanza ilinirusha mkono, na tundu likatokea kwenye karatasi ya mwenzangu badala ya yangu.

"Asante kwa kunisaidia, nnyabo," akaniambia, na tukacheka mpaka Ustadha akatutoa nje tukapoe.

Zilikuwa wiki za namna hiyo. Sijui nizielezeje. Nilikuwa naamka alfajiri nikicheka peke yangu kitandani, wenzangu wananirushia mito. Nilikuwa natembea mtaa wa Najma kutafuta fundi wa kunipasulia abaya ubavuni, mpasuko wa kuingiza mkono, na kwa kuwa hatukuruhusiwa kusema wa nini, nilibaki kumwonyesha tu fundi wa Kibangladeshi kwa vidole. Akafikiri.

"Mobail?" akauliza.

"Mobail," nikakubali haraka.

"Mobail kabir?" akapanua mikono, maana yake simu kubwa.

Nami nilikuwa bado sijaamua. Nikamwambia kubwa. Kesho yake nikarudi nikamwambia ndogo. Siku ya tatu aliponiona naingia aliweka sindano chini akaomba aione hiyo simu mwenyewe. Nikatoka mbio nikicheka, na abaya yangu nikaijia Jumamosi nilipokuwa nimepata uso wa kumtazama.

Mazoezi ya kuficha tuliyafanya ndani ya ile nyumba kubwa yenyewe, kwenye ua wa nyuma na vyumba vya huduma, na hatukutumia bastola za kweli. Tulipewa za mpira, rangi ya buluu, umbo na uzito ule ule. Tulizunguka nazo kutwa. Ustadha alipita na miwani yake, akitutazama tukipanda ngazi, tukibeba trei, tukiinama kufunga viatu. Baada ya siku nne alikunjua uso kwa raha. Nilikuwa nimehamia ile ya pili, iliyokatwa miguu, nimeifunga nyuma ya kiuno, na Ustadha, mwenye miaka thelathini ya upolisi machoni, alikuwa haioni.

"Khalas," akasema. "Mmeiva. Twende tunywe chai."

Tukaingia jikoni.

Jikoni mle mpishi mkuu alikuwa mama wa Tanga. Wote tulimwita Bi Mkubwa, na hata wenye nyumba walikuwa wanamwogopa kidogo. Yaya alikuwa Mkenya wa Machakos, na wafanyakazi wengine wengi wa ndani walikuwa wa kwetu, Waganda kwa Watanzania. Nanyi mnajua mtu wa kwetu akimwona wa kwetu ugenini. Kule hakuna salamu ya mbali.

"Hee! Wanangu! Karibuni, karibuni!" Bi Mkubwa akaja na mikono imejaa unga hadi viwikoni, akanikumbatia, akanipiga mgongoni mapigo matatu, akanisukuma kunitazama, akanirudia upande wa pili. "Mashallah, umenawiri. Lakini mbona umenawiri upande mmoja?"

Akamgeukia mwenzangu, ambaye kidude chake alikificha chini ya kwapa. "Na wewe mrefu, hili jipu la kwapani umelionyesha daktari?"

Jikoni pote kicheko. Ustadha akataka kujua kimesemwa nini. Yaya akamtafsiria, kwa uaminifu mkubwa kuliko nilivyopenda. Ustadha akaweka kikombe chini taratibu. Akamtazama Bi Mkubwa, mama wa miaka sitini mwenye khanga kichwani, kama mtu aliyegundua kwamba ufunguo alioutafuta mwaka mzima uko mlangoni.

"Mimi nimewatazama siku nne," akasema. "Huyu amewapata kwa salamu moja."

Kisha akatangaza kwamba mtihani wa mwisho hautafanywa na yeye. Baada ya siku kumi tutaingia jikoni saa nne ya asubuhi, wakati wa chai, tumsalimu Bi Mkubwa kama kawaida. Atakayekutwa ameondoka. Atakayepita ataenda uwanjani asubuhi hiyo hiyo na bastola ya kweli ya umbo lile lile, na huko nako apite. Bi Mkubwa alipoelezwa kazi yake mpya alijifuta unga mikononi kwa heshima kubwa. "Nitawapapasa kama maiti," akatuahidi.

Mbinu yangu ya kwanza ilikuwa ya kijinga kabisa. Niliamua kutokumbatia. Siku iliyofuata nikaingia jikoni nikanyoosha mkono, kiungwana, hatua mbili mbali.

"Nina mafua, Bi Mkubwa."

"Mafua?" Akanitazama juu mpaka chini. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Sema, mwanangu, umefiwa?"

"La."

"Umegombana na nani humu ndani?"

Yaya naye akaja, akanishika paji la uso. "Madam, uko poa kweli? Ama ni ile stori ya boyi wa geti?" Sikuwa na stori yoyote na kijana wa geti. Lakini kufikia adhuhuri nyumba nzima ilijua ninayo, na kwamba imeniendea vibaya, na dereva mmoja alinipa pole. Mtu wa kwetu asiyekumbatia ana jambo, na jambo hilo litatafutwa mpaka lipatikane. Ustadha alisema mlinzi anayeulizwa habari na kila mtu si mlinzi tena, ni tamasha.

Mbinu ya pili niliipenda sana, na bado inaniuma kwamba haikufaa. Nilichukua leso nikajifunga kibwebwe chini ya abaya, kama wanavyojifunga akina mama wetu wakiingia kwenye pilikapilika za shughuli, na bastola ya mpira nikaizamisha kwenye mikunjo. Bi Mkubwa akanikumbatia, akaligusa fundo, akacheka. "Eeh, mwanamke kibwebwe! Leo umekuja kufanya kazi!" Akanipita. Nikatoka jikoni nikicheza. Nikamwendea Ustadha uani, akashika saa yake, akasema "yalla", nami nikaingiza mkono kwenye mpasuko wa fundi wa Najma, nikapata leso, nikavuta leso, ikaja leso, nikavuta tena, ikaja leso. Bastola ilipotokea Ustadha alikuwa ameketi.

"Mama uliyemlinda amekufa," akasema, "amezikwa, na sisi tuko siku ya tatu ya matanga, tunakunywa kahawa chungu."

Nilicheka hadi machozi, kisha machozi yakabadilika kidogo, kwa sababu zilikuwa zimebaki siku nne. Jioni hiyo binti yangu aliniuliza kwenye simu kama Doha kuna bahari ya kuogelea. Nikamwambia ipo. Akauliza kama atahitaji viatu vya maji. Sikumwambia kwamba sijapata kazi. Nikamwambia nitaangalia bei, nikakata simu nikiwa na hasira na dunia nzima, hasa na kiuno changu.

Aliyeniokoa hakujua ameniokoa. Ijumaa nilikwenda kanisani Mesaimeer, kama kawaida, na baada ya ibada pale uani ikaanza kazi yetu ya pili ya Ijumaa, kukumbatiana. Nilikuwa siko kwenye salamu, nilikuwa natazama. Ndipo nikamwona mama mmoja wa kwaya yetu, mhudumu wa hotelini, aliyepasuliwa bega la kulia mwaka uliopita. Kila mtu alikuwa anamrukia kwa furaha, na hakuna hata mmoja aliyeligusa lile bega. Nikamfuata kwa macho, huyu, yule, na yule. Siri yake ilikuwa ndogo hivi: hakungoja. Alikuwa yeye ndiye anayewahi. Alimwingia mtu kwa kushoto, kwa nguvu, kwa kelele, akamzungushia mkono mzima, akamtikisa, akamwachia kabla mwenyewe hajajua aweke wapi mikono yake.

Nikamwuliza.

"Bega bovu, dada," akasema. "Nikingoja wanikumbatie wao, nakufa. Mwenye kuwahi ndiye anachagua upande."

Nilimkumbatia kwa shukrani nikamwumiza.

Siku tatu zilizobaki niliwawahi watu. Niliwawahi wenzangu watano wa chumbani, nikamwahi dereva wa basi la kampuni akashtuka, nikamwahi yule Mganda ambaye aliniambia nimerogwa. Na kwa kuwa sasa upande wa kulia, mbele ya nyonga, ulikuwa wangu peke yangu na hakuna mwili unaoukaribia, sikuhitaji kidude cha kushika kama yai, wala leso. Nilihitaji tu kitu kisicho na kona. Nikarudi kwenye taulo jeupe, nikaichukua ile ya tatu, bapa, isiyo na haiba. Hakuna aliyekuwa ameigusa, na bado ilikuwa inanuka mafuta ya dukani. Uwanjani haikunipa matundu ya kikombe kimoja. Labda ya sahani ya chai. Kwenye kioo nikainama, nikakaa, nikafunga viatu, nikacheza chakacha hatua mbili. Hakuna kilichojitokeza. Nikaibusu, Ustadha akaniambia nikaifute.

Siku ya mtihani yule Mganda aliingia kwanza. Alikuwa amekihamisha kidude chake, sijui alikiweka wapi mpaka leo. Bi Mkubwa alimpapasa kama alivyoahidi, mgongo, kwapa, kiuno, akarudi nyuma ameshindwa, akanyoosha mikono. Mwenzangu akatoka amenyanyua kidevu, akinipita mlangoni bila kunitazama.

Nikavuta pumzi. Nikaingia mbio.

"Bi Mkubwaaa!"

Hata hakuwahi kugeuka vizuri. Nilimwingia kwa kushoto, nikamzungushia mkono, na kwa ile hofu na ile furaha zilizonichanganyikia kifuani nikajikuta nimemnyanyua. Mama mzima, juu. Nikamzungusha mara moja, mara ya pili, ndara moja ikamtoka mguuni ikaangukia kwenye beseni la unga wa sambusa.

"Niteremshe! Niteremshe, mtoto wa watu, nitajikojolea!"

Yaya alikuwa amekaa chini sakafuni, hawezi kusimama kwa kicheko. Nikamteremsha Bi Mkubwa, nikampangusa, nikamrekebisha khanga, nikarudi hatua moja. Ustadha, miwani puani, akamwuliza kwa Kiingereza kiko wapi. Yaya akajikaza akatafsiri.

Bi Mkubwa alikuwa anahema, mkono kifuani. "Kiko wapi nini? Huyu hana kitu. Huyu ana wazimu tu."

Ustadha akanitazama. Nikaingiza mkono kwenye mpasuko na ile ya mpira ikatoka mara moja, bapa, buluu, ikitazama sakafu. Bi Mkubwa akapiga vigelegele. Mimi nilikuwa naye pamoja, nikipiga vya kwangu, mpaka wakaja kutuuliza kutoka nyumba kubwa kama kuna harusi.

Kilichobaki kilikuwa uwanja. Kile kidude kilichomshinda Bi Mkubwa kilimshinda na mwenyewe: mwenzangu, na shabaha yake yote, alipata tatu kati ya kumi, akaitazama bastola ile kama mume aliyekutwa kwa jirani. Mimi nikapata tisa. Ustadha akasaini, akanipa kalamu nisaini chini yake, nikasaini.

"Umenishinda kwa kubeba mpishi," Mganda akaniambia.

"Nimekushinda."

Alininunia siku tatu. Alibakishwa kwenye lango la wanawake la nyumba ile ile, na siku ya nne akaja chumbani kwangu kuomba chumvi, akakaa mpaka jioni.

Chumbani kwangu. Nililala pale usiku wa kwanza nimeacha taa inawaka ili nikishtuka nikione. Nilimpigia binti yangu nikamwambia atakuja. Akauliza, "Na ndege?" Nikasema na ndege. "Nitakaa dirishani?" Dirishani. Akapiga ukelele, dada yangu akaichukua simu akidhani kuna msiba, kisha tukapiga ukelele wote watatu.

Kazi yenyewe haina mengi ya kusimulia, na namshukuru Mungu. Sijawahi kuitoa bastola ile nje ya uwanja wa shabaha, na naomba nifike uzeeni bila kuitoa. Nimekaa kwenye harusi ambazo bibi harusi alikuwa amebeba dhahabu kuliko duka. Nimeshika mikoba, nimeonja keki, nimesifiwa abaya yangu na mama mmoja aliyetaka anuani ya fundi. Na popote nilipokwenda niliwawahi watu. Kwa kushoto, kwa nguvu, kwa kelele, kisha hatua moja nyuma. Kufikia mwezi wa tatu wa kazi nilikuwa siwazi tena. Mwili ulikuwa unafanya wenyewe. Jikoni Bi Mkubwa alisema nimekuwa mtu wa furaha sana, na ilikuwa kweli.

Agosti ikafika na joto lake la kuchemsha miwani. Nilipewa ruhusa ya siku nzima. Bastola ilikuwa kwenye sefu, namba yake, sahihi yangu ya jana. Kiunoni sikuwa na kitu isipokuwa mkanda wa sketi. Nilifika uwanja wa ndege saa mbili kabla ya ndege kutua, nikanunua puto, likanitoka mkononi likapanda mpaka darini, nikanunua jingine.

Akatoka akiwa ameshikwa mkono na mhudumu wa ndege. Alikuwa ananifikia begani. Begani! Begi la shule mgongoni, nywele zimesukwa upya, macho yanapita watu mmoja mmoja. Akaniona. Nami nikaanza kukimbia, nikipiga kelele jina lake mbele ya ukumbi mzima, na nikamfikia kabla hajanyanyua mikono. Nikamkumbatia, nikamnyanyua, nikamtikisa, nikamteremsha, nikampangusa mashavu, nikarudi hatua moja kumtazama.

Hakuwa anacheka. Alikuwa anatazama nyonga yangu ya kulia.

"Mama, hapo pana nini?"

"Wapi?"

"Hapo." Akanyoosha kidole, lakini hakugusa. "Umenikumbatia kama mtu mwenye kidonda."

Nilitaka kumwambia hapana kitu, nikamwambia. Hakuniamini. Nilijaribu kucheka, maana nilikuwa nimecheka miezi sita mfululizo na sikujua jambo jingine la kufanya na uso wangu, lakini kicheko hakikuja. Nilikuwa nimemtafuta mtoto huyu kwa kila risasi niliyofyatua, na nilipompata nimemsalimu kama mgeni wa harusi.

Nikampa yule mhudumu puto alishike. Nikaiacha mikono yangu ining'inie kando, kama mtu anayesubiri kupekuliwa.

"Njoo wewe," nikamwambia. "Mimi sisogei."

Akafikiri kidogo. Kisha akaja, na begi lake mgongoni, polepole, kwa upande wa kulia. Akanizungushia mikono, akaweka uzito wake wote pale. Mwili wangu ukataka kugeuka. Nikaukatalia.